Mama Masikio na Mwanamke Aliyepatikana

Saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, mwanamke mwenye sweta la kijivu anazima simu yake na kuifungia ndani ya kabati dogo la chuma, namba kumi na saba. Ufunguo anautundika shingoni kwa kamba ya kiatu. Kisha anapiga miayo miwili mikubwa, ya kukusudia kabisa, mpaka macho yanatoa machozi.

"Macho makavu yanadanganya," anasema. "Bora yalie kidogo kabla ya kazi."

Mlango unaofuata hauna kitasa kwa nje. Anagonga, anafunguliwa, na baridi ya kiyoyozi inampiga usoni. Chumba kiko ghorofa ya pili ya jengo la polisi. Madirisha yamepakwa rangi nyeusi, na ukuta mzima wa mbele umejaa skrini. Mitaa ya mji inapita humo bila sauti. Watu wanauza, wanabishana bei, wanavuka barabara, na bwana mmoja mwenye tai anachokonoa pua akiamini yuko peke yake duniani.

Kamera ziko mia mbili na kumi na mbili. Nyuma ya kamera hizo kuna mashine ya kutambua nyuso, isiyochoka wala kwenda msalani. Kila uso unaopita inaulinganisha na nyuso zilizomo kwenye orodha ya polisi. Ikiona mbili zimefanana inalia, inaziweka picha kando kwa kando na kuandika asilimia. Kuanzia hapo kazi ni ya mwenye sweta. Ana sekunde sitini za kubonyeza kitufe kimoja kati ya viwili: Ndiye, au Siye.

Kwa zamu moja analetewa nyuso kati ya mia na arobaini na mia na themanini. Nyingi ni Siye.

Hapa kazini wamembandika jina la Mama Masikio, na jina limemganda. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, binti mmoja wa sekondari, na mkataba wa miezi mitatu mitatu ambao umeongezwa mara tisa. Si askari. Hana cheo wala sare, na akiugua siku haihesabiwi. Mshahara unafika mwisho wa mwezi ukichechemea, lakini kodi ya vyumba viwili inalipwa na binti hafukuzwi shule.

Jina lenyewe lina historia. Kwa miaka kumi na mitano alifanya kazi katika studio ya picha za pasipoti, chumba chenye stuli moja, pazia jeupe na kioo cha kuchania nywele. Picha ya pasipoti ilikataliwa kama masikio hayakuonekana. Kwa hiyo siku nzima, kwa kila aliyekaa kwenye ile stuli, maneno yake yalikuwa hayo hayo: "Masikio nje, tafadhali."

"Nimewaambia mawakili, wachungaji, masheikh, na mwizi mmoja niliyemjua kabisa kuwa ni mwizi," anasema na kucheka. "Masikio nje, tafadhali. Ukiyatazama miaka yote hiyo unajifunza kitu. Mtu ananenepa, anakonda, anafuga ndevu, anajipaka rangi, anazeeka. Sikio anabaki nalo lile lile."

Studio ilikufa wiki ile ile ofisi ya pasipoti ilipoanza kupiga picha yenyewe. Alikaa nyumbani miezi saba akiuza sabuni za maji kwa majirani, ndipo alipoona tangazo la kazi kwenye ukuta wa posta. Usaili ulikuwa picha mia moja za watu wawili wawili: je, ni mtu mmoja au wawili? Vijana waliosomea kompyuta walipata sitini, sabini. Yeye alipata tisini na saba.

Tangu siku hiyo askari hawakumwacha apumue. Konstebo mmoja alimletea picha ya mtoto wake mchanga na kumwomba amwangalizie kama masikio ni yake kweli. Alizitazama picha zote mbili kwa makini. "Masikio ni yako," akamwambia. "Akili tuombe iwe ya mama yake." Mpaka leo konstebo huyo akipishana naye anaziba masikio kwa viganja.

Kicheko hicho kilikuwa cha zamani, kabla ya mwanamke aliyepatikana.

*

Mwaka jana, katikati ya wiki, iliingia kwenye orodha taarifa ya mtu aliyepotea. Mwanamke, miaka thelathini na mmoja, fundi cherehani. Aliyetoa taarifa: mume. Picha iliyoambatanishwa ilikuwa ya uso mpole uliogeuzwa kidogo upande. Kwenye mstari wa alama za utambulisho mume aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba ndewe ya kushoto, ile nyama laini ya chini ya sikio, imechanika.

Siku kumi na nne zilipita bila kitu. Ya kumi na tano, kamera ya nje ya duka la vitambaa ilimnasa mwanamke mwenye mtandio na miwani mikubwa. Mashine ilisita. Iliandika asilimia sitini na moja, na kwa kanuni za chumba kile chochote chini ya sabini unaweza kukiacha kipite bila kuulizwa na mtu.

Mama Masikio hakukiacha. Mwanamke yule alikuwa amepokea simu, na alipoipeleka sikioni mtandio ulirudi nyuma kwa muda usiozidi sekunde mbili. Alisimamisha picha, akaikuza, akaikuza tena, mpaka skrini nzima ikawa sikio. Ndewe ilikuwa imegawanyika kama ulimi wa nyoka. Akabonyeza Ndiye.

"Sijawahi kujisikia fundi kama siku ile," anasema. Anazungumza akitazama mikono yake. "Niliinuka kwenye kiti. Nilipiga makofi mwenyewe, unaamini? Nikasema jamani tumempata, mtoto wa watu tumempata."

Baada ya dakika ishirini askari wawili walikuwa mlangoni mwa duka. Ijumaa yake mkuu wa kituo aliagiza soda na keki. Mama Masikio akapewa cheti chenye mhuri wa dhahabu cha mfanyakazi bora wa mwezi, na binti yake akakitundika sebuleni juu ya televisheni. Taarifa ya mtu aliyepotea ikafungwa kwa neno moja la kijani: AMEPATIKANA.

Hakuna aliyemwambia zaidi, naye hakuuliza. Kazi yake huishia kwenye kitufe.

Miezi miwili baadaye, akijaza chupa ya maji kwenye bomba la korido ya chini, aliona mwanamke ameketi kwenye benchi la wanaosubiri kuandikisha malalamiko. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye plasta ngumu hadi kwenye kiwiko, na uso ulikuwa umevimba upande mmoja kiasi kwamba mama yake mzazi angehitaji kumtazama mara mbili.

"Mimi uso sikuujua," anasema Mama Masikio. "Nilijua sikio. Maji yakafurika kwenye chupa, yakanimwagikia viatuni, na mimi nimesimama tu."

Angeweza kupanda ngazi na kurudi kwenye sweta lake. Hakuna ambaye angejua. Badala yake aliketi kwenye lile benchi, viatu vikitoa maji, na kumwambia mgeni yule kwamba ni yeye aliyemwona.

*

Fundi cherehani alikubali kuzungumza na gazeti hili kwa sharti kwamba lisiandike jina lake wala mahali anapolala. Sauti yake ni ya chini, na ana kawaida ya kuchezea sindano iliyochomekwa kwenye kola ya blauzi.

"Sikio alilichana yeye," anasema. "Alivuta hereni. Halafu akaenda kuliandika polisi kama alama yangu, kana kwamba nilizaliwa nalo."

Siku aliyokimbia alibeba mkasi, futi ya kupimia na nguo za siku mbili. Alibadili mtindo wa nywele, akanunua miwani isiyo na namba, akaacha njia zake zote za zamani. Alidhani anayakimbia macho ya mtu mmoja. Kuhusu mashine hakuwa na habari.

Sheria inasema mtu mzima aliyepatikana aulizwe kama anataka kurudi. Aliulizwa. Askari walimpeleka kituoni, wakampigia mume simu, mume akaja na mfuko wa matunda akilia kwa sauti mpaka watu wakamwonea huruma. "Askari mmoja akanigeukia, akaniambia, 'Shemeji, mzee wako amehangaika sana, unarudi nyumbani?' Waliniuliza hapo hapo, mbele yake. Nilipoitwa shemeji tu nikajua nimekwisha."

Alitia saini. Kwenye faili imeandikwa kwamba alirudi kwa hiari.

Siku ile kwenye benchi hakumtukana Mama Masikio. Alimuuliza swali la kifundi, kama mtu anayeuliza mshono umepita wapi.

"Ulinionaje? Nilikuwa nimebadilisha kila kitu."

"Ulipokea simu."

"Alikuwa mteja," fundi akasema. "Alitaka kujua kama sketi yake ipo tayari."

Kisha akauliza la pili, na hilo ndilo linalomnyima Mama Masikio usingizi mpaka leo: "Kama mashine yenu iliniona mimi, inaweza kumwona na yeye?"

*

Jibu ni kwamba haiwezi, au tuseme hairuhusiwi.

Mahakama ilimpa mume amri ya kutokaribia mahali mkewe anapofanya kazi kwa umbali wa mita mia mbili. Karatasi ipo na mhuri upo. Lakini orodha ya mashine ina milango mitatu tu: anayetafutwa kwa hati ya kukamatwa, mfungwa aliyeachiwa kwa masharti, na mtu aliyepotea. Mume hajapotea. Hatafutwi. Hajawahi kufungwa, kwa sababu kesi ya mkono uliovunjika imeahirishwa mara nne. Yeye aliweza kumwingiza mkewe kwenye orodha kwa picha moja na dakika kumi za kujaza fomu. Mkewe, mwenye amri ya hakimu mkononi, hawezi kumwingiza yeye.

Mama Masikio ameandika maombi mara tatu. Yamerudi na jibu lile lile la kwamba suala linashughulikiwa. Ukimuuliza nani analishughulikia anainua mabega.

"Hao wanaosema mashine itawalinda wanawake barabarani, mimi siwabishii," anasema. "Imewahi kulinda. Kuna bwana alikuwa akiwafuata wasichana wa chuo, tulimnasa kwa mashine hii hii, nikabonyeza Ndiye kwa furaha. Lakini mashine inamtafuta yule uliyeiambia imtafute. Sasa nani anaambiwa achague?"

Kwa kuwa mashine haikumtaka yule mume, aliamua kumtafuta mwenyewe kwa macho.

Kamera namba arobaini na moja inatazama kona yenye duka la dawa, sehemu ya kuoshea magari, na katikati yake karakana ya kushona sare za shule ambako fundi alipata kazi. Kwa miezi mitano, kati ya uso mmoja na mwingine, Mama Masikio amekuwa akirusha macho kwenye skrini hiyo ndogo ya safu ya pili. Amepima mita mia mbili kwa nguzo za taa: zinaanzia nguzo ya pili nyuma ya duka la dawa. Picha ya mume aliiona kwenye simu ya fundi. Aliitazama mpaka akaweza kuchora masikio yake kwenye leso ya karatasi: makubwa kiasi, ndewe zimeshikana na shavu bila kining'inio, na la kulia limekaa juu kidogo kuliko la kushoto.

Kazi hii ya ziada imeingia nyumbani. Hamalizi sahani. Akienda mkutano wa wazazi anakaa safu ya mwisho akikagua masikio ya akina baba. "Mama alimkodolea mwalimu wetu wa hesabu mpaka mwalimu akajipangusa," anasema binti yake. "Nikamwambia, mama, hebu acha kazi ofisini. Akaniambia ameiacha, imemfuata."

Cheti cha mhuri wa dhahabu hakipo tena sebuleni. Binti hajui kilipo, na hajauliza.

*

Jumanne ya wiki mbili zilizopita, mwandishi wa makala haya aliruhusiwa kukaa chumbani kwa muda wa saa tatu, kwenye kiti cha plastiki nyuma ya mstari mwekundu uliochorwa sakafuni. Mkuu wa zamu, afande mnene mwenye sauti ya taratibu na miaka michache kabla ya kustaafu, alisoma masharti yote kwa sauti, hata lile la kutokula karanga.

Saa nne na dakika kumi na mbili, Mama Masikio anaacha kutikisa mguu. Tangu asubuhi mguu wake wa kulia haujatulia hata kidogo, kwa hiyo kutulia kwake kunasikika.

Kwenye skrini ya safu ya pili, mwanamume mwenye kofia na barakoa amesimama mbele ya duka la dawa. Haingii. Anatazama saa, anatazama karakana, anatazama saa. Mashine haisemi kitu. Kwake huyu ni mtu kama mwingine.

"Afande," anasema Mama Masikio, na sauti yake imepanda. "Arobaini na moja. Njoo."

Afande anakuja na miwani yake mkononi.

"Kamba ya barakoa imevuta sikio mbele," anasema Mama Masikio. "Silioni vizuri. Lakini la kulia limekaa juu. Si limekaa juu?"

"Yuko kwenye orodha?"

"Unajua hayumo."

"Basi mimi sijamwona mtu," anasema afande.

Hapo mashine inalia. Ni uso mwingine kabisa, wa mzee fulani kwenye soko la upande wa pili wa mji, asilimia sabini na nne. Saa ya sekunde sitini inaanza kurudi nyuma. Mama Masikio anatazama mzee, anatazama barakoa. Mara ya mwisho alipokuwa na uhakika mwanamke alivunjwa mkono. Leo hana uhakika, na akikosea atakuwa amemtia hofu bure mtu aliyekwishajaa hofu, na ameacha kiti bila sababu. Kuacha kiti mashine ikilia ni kosa la barua ya onyo, na ya kwanza anayo tayari. Mkataba wake umebakiza siku kumi na tisa.

Simu iko kwenye kabati namba kumi na saba.

Zimebaki sekunde arobaini na moja. Anabonyeza Siye kwa yule mzee na kusimama. Kiti kinagonga meza ya nyuma.

Afande hamzuii. Anavaa miwani, anashusha mwili wake mkubwa kwenye kile kiti, na kushika kipanya cha kompyuta kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa kifaranga. "Umesema unakwenda kunywa maji," anasema bila kugeuka. "Nimesikia. Nenda kanywe maji."

Koridoni, ufunguo unagoma kutoka kwenye kamba ya kiatu. Anauvuta, kamba inamkata shingo, anaacha kuuvuta na kuinama mpaka kichwa kinagusa kabati ili ufunguo ufike kwenye tundu. Simu inachukua muda wote wa dunia kuwaka. Walikuwa wamekubaliana tangu miezi mitano iliyopita: asiandike ujumbe wala kueleza. Apige tu. Fundi akiona namba ile, atoke kwa mlango wa nyuma wa wapiga pasi, hata kama ana shati nusu mkononi.

Anapiga. Haipokelewi. Anapiga tena. Cherehani ishirini zikifanya kazi pamoja, nani atasikia simu? Anapiga ya tatu huku akipiga ukuta kwa kiganja, na konstebo aliyekuwa akiziba masikio kwa utani anapita, anamwona, na safari hii hafanyi utani.

Ndani, afande ameona barakoa ikivuka barabara. Anachukua redio. Hasemi amri ya mahakama, hasemi orodha. Anasema kuna mtu mbele ya karakana ya sare anazuia njia ya magari, walio karibu wamwombe kitambulisho. Anasema hivyo kwa ile sauti yake ya taratibu, halafu anairudisha redio mahali pake na kufuta jasho, katika chumba ambacho wengine wote wamevaa sweta.

Simu ya nne inapokelewa. Hakuna anayezungumza. Kinachosikika ni mvumo wa cherehani, halafu kiti kinaburuzwa, halafu mlango.

*

Alikuwa yeye. Alikutwa hatua tano kutoka mlango wa karakana, na kwenye mfuko wa koti alikuwa na nyundo ndogo ambayo alisema ni ya kazi. Kazi yake ni ya karani wa ghala. Alilala ndani siku moja na kuachiwa kwa onyo, maana hakuwa amemgusa mtu.

Alhamisi yake barua ya pili ilimfikia Mama Masikio. Imeandikwa kwa lugha safi: kuacha kituo cha kazi, na kutumia kamera za umma kufuatilia mtu asiye kwenye orodha. Mkataba hautaongezwa mwisho wa mwezi. Afande naye aliitwa kujieleza. Alipoulizwa na mwandishi wa makala haya kwa nini alikaa kwenye kile kiti, alivua miwani yake. "Nina mabinti watatu," alisema. "Usiandike nimesema hivyo." Baadaye alipiga simu kusema, haya, andika.

Kuna jambo ambalo barua ile imelisema na Mama Masikio halikwepi. Alimfuatilia mtu kwa miezi mitano bila ruhusa ya yeyote, kwa kutumia macho ya serikali. "Ni kweli," anasema. "Na kama kesho mwingine akimfuatilia mke wake hivyo hivyo kutoka kwenye kiti changu? Nimejiuliza. Ndiyo maana sitaki iwe huruma ya Mama Masikio. Nataka iwe kanuni."

Kanuni anayoitaka ameshaiandika. Iko kwenye bahasha, na bahasha iko kwenye mkoba wake, na mkoba hauachi hata akienda dukani kununua chumvi. Anaitoa na kuifungua mezani. Ni karatasi nene, ngumu, yenye mwandiko wa kalamu ya bluu uliofutwa na kurudiwa. Anataka kila taarifa ya mtu mzima aliyepotea, kabla ya neno AMEPATIKANA kuandikwa, iwe na swali moja zaidi: *Je, mwenyewe anataka ajulikane alipo?* Chini yake ameandika: aulizwe katika chumba cha peke yake, na askari mwanamke, kabla ya simu yoyote kupigwa. Chini zaidi: amri ya mahakama iwe mlango wa nne wa orodha.

Ukiigeuza karatasi, upande wa pili kuna mhuri wa dhahabu.

"Sikuwa na karatasi nyingine nzuri," anasema. Mkataba ukiisha atanunua kamera ya mtumba na kuweka stuli yake nje ya mahakama, mahali ambapo watu huhitaji picha za hati za viapo. Kila siku ya kikao cha kamati ya usalama wa mji ataifunga stuli na kwenda kukaa kwenye kiti cha wasikilizaji mpaka bahasha isomwe. Ameshauliza tarehe. Kikao kijacho ni baada ya wiki tano, na tayari amepasi nguo.

Fundi amehama karakana. Alitaka kumwambia Mama Masikio anakokwenda, lakini Mama Masikio aliziba masikio kwa viganja. "Usiniambie, mdogo wangu," alimwambia. "Mimi nina macho mabaya."

Jumatatu ya wiki hii, ikiwa siku yake ya nne kabla ya mwisho, mwandishi alirudi kwenye kiti cha plastiki. Asubuhi hiyo orodha ilikuwa imepokea taarifa mpya kutoka kituo kingine cha polisi, upande wa pili wa mji. Mtu aliyepotea, mwanamke, fundi cherehani. Aliyetoa taarifa: kaka wa mume. Picha ilikuwa ile ile ya uso mpole uliogeuzwa upande, na alama ile ile ya ndewe ya kushoto. Mama Masikio alimwita afande, afande akapiga simu kwa kituo hicho kueleza kuna amri ya mahakama, akaambiwa suala litashughulikiwa.

Saa tano na nusu, mashine inalia.

Picha mbili zinakaa kando kwa kando. Kulia ni mwanamke kwenye foleni, mtandio umefungwa vizuri chini ya kidevu, ameshika mfuko wenye kitambaa cha bluu. Asilimia sitini na nane. Chini ya sabini, unaruhusiwa kuuacha uso upite. Lakini ukiuacha mashine itauleta tena siku nyingine, kwa mtu mwingine, kwenye kiti hiki hiki. Ukibonyeza Siye, itajifunza kumwacha.

Chumba kizima kinasikia kiyoyozi. Mguu wa Mama Masikio umetulia. Hakuzi picha. Sekunde zinashuka hamsini, arobaini, thelathini, naye ameshikilia ufunguo wa kabati shingoni kama anayehesabu meno ya ufunguo huo.

Anabonyeza Siye.

Afande anatazama dari. Mwandishi anauliza alichotumwa kuuliza, kwamba je, hakuwa yeye?

Mama Masikio anapiga miayo yake ya kukusudia, na macho yanajaa maji.

"Masikio hayakuonekana," anasema. "Andika hivyo hivyo."